Tungamo Halitoweki: Kosa Linalorithishwa Katika Hesabu za Roketi

Miongoni mwa mambo yanayofundishwa kwa uhakika mkubwa katika fizikia ya kidato cha tano na cha sita, na hata katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, limo dai kwamba sheria ya pili ya Newton, ikiandikwa kwa ukamilifu wake, inatosha yenyewe kushughulikia kitu chochote ambacho tungamo lake linabadilika. Wanaolishikilia dai hilo hueleza kwamba kani ni kiwango cha badiliko la momenta, momenta ikiwa ni zao la tungamo la kitu na velositi yake. Kwamba tungamo likiwa halibadiliki, kani huwa sawa na tungamo mara mchapuko, yaani kiasi ambacho velositi hubadilika kila sekunde. Na kwamba tungamo likipungua au likiongezeka, kinachotakiwa ni kuongeza kijalizo kimoja tu, nacho ni velositi ya kitu hicho mara kiwango cha badiliko la tungamo lake. Roketi hutajwa papo hapo kuwa ndiyo ushahidi mkuu wa uwezo wa kanuni hiyo. Makala haya yanapinga. Kijalizo hicho, kwa jinsi kinavyotumiwa, kinampa mwanafunzi majibu yasiyo ya kweli kuhusu vitu anavyopishana navyo barabarani kila siku, na kinamzuia kuelewa kwa nini roketi inaruka.

Dai hilo halihitaji maabara ili lipimwe; barabara inatosha. Katika kata ya Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, jirani na Makumbusho ya Azimio la Arusha na mnara wa Mwenge wa Uhuru, magari ya kila aina hupita mchana kutwa, na mara kwa mara hupita boza la maji ambalo koki yake ya chini haijafungwa vizuri. Na ichukuliwe kwamba boza hilo lina tungamo la tani 10, linakwenda kwa mwendo wa meta 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, kwenye sehemu tambarare. Dereva ametoa gia, na msuguano wa matairi na wa hewa ni mdogo kiasi cha kuweza kuachwa nje ya hesabu. Maji yanatoka kwa chini, wima, kilo 5 kila sekunde. Swali ni moja: je, kwa kuwa boza linazidi kuwa jepesi, litaongeza mwendo?

Wanafunzi wengi hujibu kuwa litaongeza, na kanuni iliyotajwa hapo juu inawaunga mkono. Hakuna kani ya nje iliyo sambamba na barabara, kwa hiyo momenta ya boza, wanasema, lazima ibaki ile ile. Tungamo limepungua, basi velositi sharti ipande ili kufidia. Wakikokotoa, wanapata kwamba upotevu wa maji unalisukuma boza mbele kwa kani ya nyutoni 50, ambazo ni meta 10 kwa sekunde mara kilo 5 kwa sekunde. Hesabu inaonekana safi, na vizio vyake vinakubaliana.

Tatizo linajitokeza mara tu tukio hilo hilo linapotazamwa na watu watatu. Wa kwanza amesimama kando ya barabara, na kwake boza linakwenda meta 10 kwa sekunde, hivyo kanuni inampa nyutoni 50. Wa pili ni abiria wa daladala inayokwenda sambamba na boza kwa mwendo ule ule. Kwake boza limesimama, velositi yake ni sifuri, na kanuni inampa sifuri. Wa tatu yumo katika daladala inayokuja upande wa pili kwa meta 10 kwa sekunde. Yeye analiona boza likimjia kwa meta 20 kwa sekunde, na kanuni inampa nyutoni 100. Tangu Galileo alipoandika mwaka 1632 inafahamika kwamba sheria za mwendo hazimtambui mtazamaji aliyesimama na kumkana anayesafiri kwa mwendo usiobadilika, na kwamba wote watatu lazima wakubaliane kuhusu mchapuko wa boza. Ama boza linasukumwa, ama halisukumwi. Haliwezi kusukumwa kwa nguvu inayotegemea ni abiria gani aliyelitazama kupitia dirishani. Kanuni inayotoa majibu matatu kwa swali lenye jibu moja haiwezi kuwa sheria ya asili, hata ikiandikwa kwa alama nzuri kiasi gani.

Jibu sahihi linapatikana kwa kulifuata tone moja. Kabla ya kutoka, tone lilikuwa likisafiri pamoja na boza kwa meta 10 kwa sekunde, na likiisha kuachwa na koki bado linasafiri kwa meta 10 kwa sekunde kwenda mbele huku likianguka. Ikiwa koki iko sentimeta 80 juu ya lami, tone hutumia takriban sehemu 4 za kumi za sekunde kufika chini, na katika muda huo husonga mbele meta 4, sawasawa na boza lenyewe, kwa hiyo hugusa lami likiwa bado chini ya koki lilikotokea. Ni pale linapogonga lami tu ndipo linaposimamishwa, na kinacholisimamisha ni barabara, wala boza halihusiki tena. Tone liliondoka na fungu lake halali la momenta. Halikuliachia boza chochote, wala halikulinyang'anya chochote. Boza linaendelea kwa meta 10 kwa sekunde, jepesi zaidi, bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Kani ni sifuri kwa watazamaji wote watatu.

Sasa koki ihamishiwe nyuma ya tangi na maji yaelekezwe kinyume na safari. Kina cha maji kikiwa meta 1.8 juu ya koki, maji hutoka kwa mwendo wa karibu meta 6 kwa sekunde yakipimwa kutoka kwenye boza lenyewe, na kama yanatoka kilo 5 kila sekunde, boza linasukumwa mbele kwa nyutoni 30. Msukumo huo ni nyutoni 30 boza likiwa limeegeshwa, ni nyutoni 30 likiwa linakwenda kilometa 36 kwa saa, na ni nyutoni 30 kwa abiria wa kila daladala. Kilichobadilika ni kwamba kijalizo hakitumii tena velositi ya boza kwa kulinganishwa na barabara; kinatumia velositi ya maji kwa kulinganishwa na boza. Tofauti ya kalamu ni herufi moja, lakini tofauti ya maana ni ile iliyopo kati ya chombo kinachojisukuma na chombo kinachopoteza mzigo.

Mlinganyo huu wa pili haukuzuka jana. William Moore wa Woolwich, Uingereza, alishughulikia mwendo wa roketi kwa hesabu mwanzoni mwa karne ya 19. Arthur Cayley alichapisha mwaka 1857 uchambuzi wa mifumo inayojiongezea sehemu ndogondogo za tungamo mfululizo. Na Ivan Meshchersky, mwanahisabati wa Urusi, aliiweka nadharia nzima ya chembe yenye tungamo linalobadilika katika tasnifu yake ya mwaka 1897. Kwa mujibu wa Meshchersky, tungamo la chombo mara mchapuko wake ni sawa na jumla ya kani za nje na kijalizo kimoja, nacho ni kiwango cha badiliko la tungamo mara velositi ya kile kinachoingia au kinachotoka ikipimwa kutoka kwenye chombo. Anayeandika velositi ya chombo mahali pa velositi hiyo ya kulinganisha anarudi nyuma zaidi ya karne moja.

Watetezi wa kanuni inayopingwa hapa wana hoja, na hoja hizo zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba Newton mwenyewe aliitaja sheria yake kwa momenta, wala hakuitaja kwa mchapuko, kwa hiyo kuitumia kwa tungamo linalobadilika ni kumfuata yeye. Ni kweli kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1687 Newton alizungumzia badiliko la mwendo akiwa na maana ya wingi wa mwendo, ambao leo unaitwa momenta. Lakini sheria ile inahusu mwili mmoja, yaani mada ile ile kabla na baada ya kani kufanya kazi. Kutenganisha zao la tungamo na velositi katika vijalizo viwili ni kanuni ya kalkulasi ambayo haina ubaya wowote. Ubaya ni kuitumia sheria ya mwili mmoja kwa kitu ambacho sekunde hii kina maji haya na sekunde ijayo hakina. Boza lililovuja si mwili ule ule. Ili sheria ifanye kazi, ni lazima kuhesabu mfumo uliofungwa, yaani boza pamoja na maji yake yote, yaliyomo na yaliyokwisha kutoka. Mwaka 1992 Angel Plastino na Juan Muzzio wa Argentina walichapisha makala mahususi juu ya matumizi sahihi na matumizi mabaya ya sheria ya pili ya Newton katika mifumo ya namna hii, na kwamba makala kama hayo yalihitajika zaidi ya miaka 300 baada ya Newton kunaonyesha jinsi kosa lilivyoota mizizi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kanuni hiyo mara nyingine hutoa jibu sahihi. Lori lililo wazi likipita Arusha wakati wa masika, mvua ikinyesha wima, maji yanayoingia kwenye bodi yake hayana mwendo wa kwenda mbele, na lori lazima liyape mwendo huo. Bodi ikiwa na eneo la meta 12 za mraba na mvua ikiwa ya milimeta 60 kwa saa, lori hupokea sehemu 2 za kumi za kilo kila sekunde, na kwa mwendo wa meta 10 kwa sekunde injini italazimika kuongeza kani ya nyutoni 2. Kanuni ya shuleni inatoa nyutoni 2 hizo hizo. Inafanikiwa kwa sababu mvua ilikuwa imetulia kwa kulinganishwa na barabara, hivyo velositi ya lori kwa kulinganishwa na mvua ni sawa na velositi ya lori kwa kulinganishwa na barabara, na velositi mbili ambazo kwa kawaida hutofautiana zimekutana. Upepo ukivuma kutoka nyuma ya lori na kuisukuma mvua mbele, makubaliano hayo yanavunjika mara moja. Kanuni inayofaulu kwa bahati ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa inajipatia imani ambayo haikustahili, kisha inaitumia imani hiyo mahali pengine.

Mahali hapo pengine ni jukwaa la kurushia roketi. Roketi ikiwa bado imesimama, velositi yake ni sifuri, na kijalizo cha velositi mara badiliko la tungamo ni sifuri pia, hata kama gesi inatoka kwa tani kila sekunde. Kwa kanuni ya shuleni iliyotumiwa kwa uaminifu, hakuna roketi iliyowahi kuondoka ardhini. Kinachowaokoa walimu na waandishi ni kwamba hawaitumii kwa uaminifu: wanapofika kwenye roketi wanaibadilisha herufi bila kusema, wakakiita velositi ya gesi kile walichokuwa wakikiita velositi ya chombo mistari miwili iliyopita, na mwanafunzi makini anayeona badiliko hilo huambiwa akariri.

Roketi, hata hivyo, ziliondoka, tena si mbali sana na Arusha. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi katika pwani ya Kenya, Italia ilijenga juu ya bahari jukwaa la San Marco chini ya uongozi wa Luigi Broglio, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani za aina ya Scout, zenye hatua nne na zinazotumia fueli yabisi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliondoka setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Uzani wake ulikuwa takriban kilo 140, ilhali roketi iliyoibeba ilikuwa na tani kumi na kadhaa. Haikufika hata kilo moja iliyokaa katika mzingo kwa kila kilo 100 zilizoondoka jukwaani. Kilo 99 nyingine zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali ambalo kanuni ya shuleni haina uwezo wa kuliuliza, maana kwake tungamo ni nambari inayopungua tu.

Konstantin Tsiolkovsky alilijibu mwaka 1903. Velositi inayopatikana na roketi, pasipo kani za nje, ni velositi ya gesi kwa kulinganishwa na roketi, mara logi asilia ya uwiano wa tungamo la mwanzo na la mwisho. Kwa maneno mengine, ili roketi ipate velositi sawa na ya gesi yake inatakiwa kuanza ikiwa na tungamo mara 2.7 ya lile itakalobaki nalo. Ikitaka mara mbili ya velositi hiyo, uwiano unakuwa 7.4, ikitaka mara tatu, 20. Gesi ya fueli yabisi hutoka kwa karibu kilometa 2.5 kwa sekunde, na setilaiti ya mzingo wa chini inahitaji kilometa zaidi ya 7.5 kwa sekunde, mbali na kinachopotea katika kupambana na mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, hivyo hesabu ya jumla hupita kilometa 9. Dunia yenyewe, inayozunguka kuelekea mashariki, huchangia takriban meta 460 kwa sekunde kwenye latitudo ya Ngomeni. Hata kwa msaada huo, roketi ya kipande kimoja ingelazimika kuwa fueli tupu kwa zaidi ya asilimia 96, na ganda, pezi, vyombo na setilaiti vigawane kinachobaki. Ndiyo maana Scout ilikatwa katika hatua nne, kila moja ikitupwa inapokwisha. Hatua zilizotupwa zilikuwa na momenta yake na zilianguka mahali. Arusha iko karibu na ikweta kama Ngomeni, lakini mashariki ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi, ilhali mashariki ya Arusha kuna watu.

Dhana nyingine, maarufu zaidi mitaani kuliko darasani, inasema kwamba gesi ya roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake. Ni ndugu wa kosa lililokwisha kujadiliwa, kwa sababu nayo inatafuta kisukumwa nje ya mfumo badala ya kuhesabu kilichotoka ndani yake. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la The New York Times lilimbeza mtafiti wa roketi Robert Goddard kwa msingi huo huo, ingawa Goddard alikuwa amekwisha kufanya majaribio ndani ya chombo kilichoondolewa hewa na kuona msukumo haupungui. Gazeti lilijisahihisha tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka. Ukweli ni kinyume kabisa cha dhana hiyo. Hewa ina kanieneo, yaani kani kwa kila kizio cha eneo, na kanieneo hiyo huibana roketi. Kwenye usawa wa bahari ni takriban kilopaskali 101, na Arusha, iliyo juu kwa karibu meta 1,400, ni takriban 86. Mtambo wenye mdomo wa nusu meta ya mraba, ukihamishwa kutoka Ngomeni hadi Arusha bila kubadilishwa chochote, ungepata nyongeza ya msukumo ya nyutoni zipatazo 7,500, sawa na uzito wa kilo zaidi ya 750, na ukipandishwa kileleni mwa Mlima Meru kwenye meta 4,566 ungepata zaidi. Hewa inapungua, msukumo unaongezeka.

Iko pia hoja ya tatu, ya upole, kwamba kosa hili halimdhuru mtu, kwa kuwa wahitimu wachache sana watatengeneza roketi. Hoja hiyo inasahau milima. Upande wa mashariki wa Meru uliporomoka zama za kale na kuacha kreta iliyo wazi upande mmoja, vifusi vikatandaa hadi kwenye maziwa ya Momella. Na tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Poromoko la tope ni mfumo wa tungamo linalobadilika kwa kila maana ya neno hilo: hukomba udongo njiani, kisha huutupa kandokando. Tani 1,000 za tope zinazoshuka kwa meta 12 kwa sekunde, zikikomba tani 500 za udongo uliotulia, hupungua mwendo hadi meta 8 kwa sekunde kwa hesabu ya momenta peke yake. Kama udongo uliokombwa ni chepechepe na unalegeza msuguano, mwendo unaweza kupanda tena, lakini sababu hiyo ni ya kani na lazima iandikwe upande wa kani. Hadi hapo kanuni ya shuleni inakubaliana, kwa kuwa udongo ulikuwa umetulia. Baadaye poromoko hilo, lenye tani 1,500 na mwendo wa meta 8, linaacha tani 500 kwenye kingo. Kanuni ya shuleni inatangaza kwamba tani 1,000 zilizobaki zimerudia meta 12 kwa sekunde, kana kwamba tope lililokwama kando limelirushia lile la katikati momenta yake, wakati tope hilo limeiachia ardhi iliyolisimamisha. Jibu la kweli ni meta 8. Nishati ya mwendo ya tani 1,000 kwa meta 12 kwa sekunde ni megajuli 72, na kwa meta 8 ni 32. Mhandisi anayepima umbali wa kujenga nyumba kutoka mdomo wa bonde, au urefu wa ukuta wa kukinga zahanati, atakuwa amekosea kwa zaidi ya mara mbili kwa sababu ya kijalizo alichokariri kidato cha tano.